Namna ya Kukarabati Mashua Ndogo ya Tanga kwa Mtu Anayeanza

Kuanzia Lamu hadi Kilwa hakukosekani fukwe zenye mashua ndogo za mbao zilizovutwa juu ya mchanga na kuachwa, aghalabu kwa sababu mwenyewe amehamia kwenye boti ya faiba au amezeeka na watoto hawataki bahari. Nyingi kati ya hizo bado zina uhai, na mtu mwenye subira, vifaa vichache na fundi wa kumwuliza maswali anaweza kuzirudisha majini. Mwongozo huu unahusu mashua yenye urefu wa futi 15 hadi 20, iliyojengwa kwa mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani, yenye mlingoti mmoja na tanga moja. Ngalawa, ambayo kiwiliwili chake huchongwa katika gogo moja, ina taratibu zake na haitazungumziwa hapa.

Jambo la kwanza kulielewa, na ambalo kila hatua inayofuata inalitegemea, ni jinsi chombo hicho kilivyojengwa. Fundi wa mwambao hulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, akasimamisha nguzo ya omo (mbele) na nguzo ya tezi (nyuma), kisha akaanza kupandisha mbao za ubavuni safu baada ya safu, jicho lake likiwa ndilo kipimo kikuu. Mataruma huchongwa na kuingizwa baadaye, yakafuata mkunjo ambao mbao zimekwisha kuufanya. Hakuna mchoro uliohifadhiwa mahali. Umbo la mashua yako limo ndani ya mashua yenyewe tu, na kila kipande unachokiondoa kinaondoka na sehemu ya umbo hilo. Kwa hiyo, kanuni ya kazi yote ni kutoa kipande kimoja, kukitumia kama kielelezo cha kipande kipya, kukitia hicho kipya mahali pake, na ndipo ukagusa kingine. Anayeanza kwa kuibomoa mashua nzima ili “aipange upya” hujikuta na rundo la mbao ambalo hata fundi stadi hawezi kulirejesha katika sura yake ya awali.

Kuichunguza kabla ya kununua

Anza chini, kwenye mkuku, wala usivutiwe na rangi ya ubavuni. Chukua kisu chembamba au bisibisi na ukichome kwenye mkuku kila baada ya shubiri moja, pande zote mbili, ukikaza mkono sawasawa kila mara. Mbao nzima hukataa ncha baada ya milimita moja au mbili. Mbao iliyooza huipokea bila ukinzani, na ukichomoa kisu unaona unga au nyuzi zenye unyevu. Zingatia zaidi sehemu nne: maungio ya mkuku na nguzo za omo na tezi, ubao wa kwanza ulioegemea mkuku, kitako kinachobeba mlingoti, na kona za ndani za tezi. Kona hizo huoza mapema kwa sababu maji ya mvua hutuama hapo. Maji ya chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao, ilhali maji baridi huwalisha, na ndiyo maana mashua iliyoachwa wazi ufukweni kwa misimu kadhaa ya masika huwa mbovu kuliko ile iliyokuwa ikivua kila siku.

Hatari ya pili ni mdudu wa baharini atoboaye mbao. Kwa hakika huyu ni wa jamii ya chaza, ingawa mwili wake ni mrefu na laini kama wa mnyoo. Huingia angali mdogo kupitia tundu lisilozidi ncha ya sindano, kisha hukua ndani na kupanua njia inayoweza kufikia unene wa kidole. Ubao unaoonekana mzima kwa nje unaweza kuwa umebaki ganda tu. Ugonge kwa mpini wa nyundo kutoka omo hadi tezi na usikilize: mbao nzima hutoa sauti kavu na ya juu, na iliyotobolewa hutoa sauti ya chini iliyofifia. Ukisikia mabadiliko, tia alama ya chaki hapo na upekeche tundu dogo ili uone ndani.

Mwisho, simama nyuma ya tezi, hatua kumi mbali, ukaangalie ukingo wa juu wa mashua na mstari wa mkuku. Mashua iliyokaa muda mrefu juu ya gogo moja la katikati hulegea omo na tezi, na mgongo ukainuka. Kaza uzi kutoka ncha moja ya mkuku hadi nyingine. Mwinuko wa sentimita moja au mbili unaweza kurekebishwa kwa kuishusha mashua polepole juu ya magogo yaliyosawazishwa, lakini mwinuko unaozidi hapo ni kazi ya fundi mzoefu.

Kwa maoni yangu, mbao tatu au nne za ubavuni zilizooza, mataruma machache yaliyovunjika na tanga lililochanika havitoshi kumkatisha tamaa mtu anayeanza. Mkuku uliooza unatosha. Mashua ya namna hiyo iache, hata ukipewa bure. Ukiamua kununua, andikianeni hati ya mauziano mbele ya sheha au mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa chombo kilichotelekezwa mara nyingi kina warithi zaidi ya mmoja.

Mahali na msimu wa kazi

Mashua huvutwa juu wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi cha kawaida. Katika sehemu kubwa ya mwambao wetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati huo hukaribia mita 4, na maji yenyewe hukufanyia nusu ya kazi. Ilaze juu ya magogo matatu au manne yaliyosawazishwa chini ya mkuku, kisha itie gadi, yaani nguzo za kuiegemeza, pande zote mbili, zikiegemea mahali penye taruma na kamwe si katikati ya ubao mtupu. Kipindi cha Juni hadi Septemba kinafaa zaidi, kwa kuwa masika yamekwisha na jua halijawa kali kama la kaskazi.

Jenga kibanda cha makuti juu yake kabla hujashika chombo chochote cha kazi. Jua la moja kwa moja hukausha mbao kwa kasi, zikasinyaa na kufungua mianya inayopitisha mwanga. Anayeanza akiiona mianya hiyo hushtuka, akaijaza gundi ngumu au saruji ya faiba. Hilo ni kosa linaloua mashua nyingi, kwa maana mbao zitakapolowa tena zitataka nafasi yake, na zikikosa pa kwenda zitavunja mataruma au kung’oa misumari. Mwagia mbao maji ya bahari asubuhi na jioni muda wote wa kazi. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kuifunika mashua kuukuu ya mbao kwa faiba: mbao huendelea kunywa na kutoa maji chini yake, ganda huachana nazo, na uozo huendelea bila kuonekana.

Piga picha kwa simu ndani na nje, na uandike namba kwa chaki kwenye kila taruma na kila safu ya ubao, kulia na kushoto. Kisha kwangua makombe, mwani na rangi. Rangi ya zamani huenda ikawa na risasi, hivyo ilowanishe kabla ya kuikwangua au kuipiga msasa, ufunike pua na mdomo, na kuwaweka watoto mbali na vumbi. Sehemu ya chini ikiwa imekwanguliwa, mafundi wengi hupitisha moto wa makuti makavu haraka haraka chini ya mashua ili kuwaua wadudu waliojificha. Ifanye kazi hiyo pamoja na mtu aliyewahi kuifanya, mbali na nyumba za makuti, siku isiyo na upepo, ndoo za maji zikiwa tayari.

Mataruma

Taruma zuri halikatwi kutoka ubao ulionyooka, bali huchongwa kutoka tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mkunjo. Ukikata mkunjo katika ubao ulionyooka, nyuzi hukatika njiani na taruma huvunjika hapohapo siku mashua itakapogonga mchanga. Mtondoo ni mti unaopendwa kwa kazi hii, na mwembe pia hutumika. Ukataji wa mikoko unadhibitiwa kisheria Kenya na Tanzania, kwa hiyo ukihitaji vipande vya mkoko nunua kwa muuzaji mwenye kibali.

Ili kupata umbo, usipime kwa macho. Chukua kipande cha kadibodi ngumu, kikate kwa kukadiria, kisimamishe ndani ya mashua kando ya taruma bovu, na upitishe penseli iliyolazwa kwenye kijiti kifupi kando ya mbao. Mstari utakaochorwa utafuata kila bonde na kila mwinuko. Kata kwenye mstari, jaribu tena, rekebisha. Kadibodi ikishakaa bila kupitisha mwanga, ihamishie kwenye tawi ulilolichagua na uanze kuchonga kwa tezo (shoka dogo la kuchongea), ukimalizia kwa randa na patasi. Paka chaki kwenye mbao za mashua, bonyeza taruma jipya mahali pake, litoe, na uchonge pale tu palipochukua chaki. Fundi hurudia hivyo mara nyingi bila kuchoka, na haya ndiyo masaa yanayomfundisha mwanafunzi kazi yenyewe.

Usitoe mataruma mawili yanayofuatana kwa wakati mmoja. Toa moja, ruka jirani yake, na umalize kulipigilia misumari jipya kabla ya kurudi kwa jirani. Pale taruma lilipopasuka katikati huku ncha zake zikiwa nzima, suluhisho jepesi kwa anayeanza ni kuliacha na kuweka taruma pacha ubavuni mwake, linalovuka mpasuko kwa safu tatu za mbao kila upande. Mwenye kupenda usafi wa sura hatafurahishwa, lakini mashua itakuwa imara.

Mbao za ubavuni

Mbao za kubadilisha ziwe za mti uleule uliotumika mwanzo, au unaokaribiana nao kwa uzito. Mbambakofi na mvule hudumu. Mwembe ni nafuu na hupatikana kirahisi, ila maisha yake ni mafupi na inataka mafuta mara kwa mara. Unene wa mbao katika mashua ya kadiri hii huwa karibu sentimita 2.5, lakini pima wa kwako.

Kata sehemu mbovu hadi ufike kwenye mbao nzima, kisha endelea mpaka katikati ya taruma linalofuata, ili ncha za ubao wa zamani na mpya zikutane juu ya taruma na zote mbili zipate pa kupigiliwa. Kama haiwezekani, weka kibao cha kuungia kwa ndani, kipana kuliko ubao wenyewe. Maungio ya ncha yasipangane katika safu jirani. Yaachanishe kwa mataruma mawili au matatu, kwa sababu maungio yaliyopangana ni mahali ambapo ubavu utajikunja.

Ubao ukihitaji kupindwa, ulowanishe usiku kucha, kisha uupashe juu ya moto mdogo ukimwagia maji kila mara na kuugeuza, huku msaidizi akiwa ameshikilia ncha moja. Ukianza kulegea upeleke haraka kwenye mashua, uubane kwa kamba na kabari, na uache upoe hapohapo hadi kesho yake. Kingo zake zilingane na jirani kwa ndani kabisa, na kwa nje ziachane kidogo, upana wa milimita 2 au 3. Hapo ndipo kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya, itakapokaa.

Misumari iwe ya chuma kilichochovywa katika zinki, mirefu kiasi cha kupita ubao na taruma na kubakiza nusu inchi. Pekecha tundu kwanza, jembamba kidogo kuliko msumari, la sivyo mbao itapasuka. Zungushia uzi wa pamba uliochovywa mafuta chini ya kichwa cha msumari, upigilie hadi kichwa kizame kidogo, na ncha iliyotokeza ndani ikunjwe na kuzamishwa kwenye taruma huku mwenzako akizuia kichwa kwa nyundo nzito nje. Misumari ya zamani iliyooza huacha alama nyeusi na mbao laini pembeni yake. Usirudishie msumari mpya katika tundu hilo; lizibe kwa kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa mafuta, na upekeche jipya pembeni.

Kalafati

Hii ndiyo hatua inayozuia maji, na mtu anayeanza anaweza kuifanya vizuri kabisa akiiheshimu. Unahitaji pamba, mafuta ya nazi au ya papa, nyundo ya mbao, na patasi butu yenye ncha pana. Safisha mianya yote ya zamani kwa kulabu nyembamba. Pamba iliyooza hutoka vipande vipande ikinuka, nawe uitoe mpaka uone mbao safi. Sokota pamba iwe uzi mlegevu wenye unene unaozidi kidogo upana wa mwanya, ichovye mafuta, na uikamue kwa vidole mpaka isidondoke.

Tia uzi kwenye mwanya kwa vishikizo vidogo vidogo, kila baada ya inchi mbili ukiusukuma kidogo ili ushike, na kati ya vishikizo uuache umepinda kwa nje. Ukifika umbali wa mkono mmoja, rudi mwanzo na uugonge wote ndani, patasi ikipandana na alama ya pigo lililotangulia. Sauti itakuongoza: mwanzo nyundo hutoa mlio mzito, na pamba ikishabanwa sawasawa mlio huwa mkali na patasi hukataa kuzama. Acha hapo. Anayeendelea kugonga husukuma pamba itokee ndani au kutenganisha mbao na mataruma, na kwa mashua iliyokauka kosa hilo ni rahisi mno, kwa kuwa mianya ni mipana kuliko itakavyokuwa majini. Mwanya unaofunga wenyewe ukimwagiwa maji hauhitaji pamba nyingi. Juu ya pamba paka mchanganyiko wa chokaa na mafuta uliokandwa ukawa laini, usawazishe na uso wa mbao.

Baada ya hapo mbao za nje zilizo juu ya mstari wa maji, pamoja na ndani yote, zipakwe sifa, yaani mafuta ya papa au ya samaki wengine, mara mbili au tatu hadi mbao zikatae kunywa. Harufu yake ni kali, nami sijapata kitu kinachoihifadhi mbao ya zamani vizuri zaidi kwa gharama ndogo kama hiyo. Sehemu ya chini hupakwa deheni: shahamu ya ng’ombe au mbuzi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mkono ingali vuguvugu. Tabaka hilo huwazuia wadudu kwa majuma kadhaa tu, kisha hutaka kurudiwa.

Mlingoti na tanga

Mlingoti wa mvinje ukiwa hauna mipasuko inayozunguka unaweza kuendelea kutumika. Mipasuko inayofuata urefu haina madhara makubwa. Kagua zaidi kitako chake na pale unaposuguana na ubao unaoushikilia. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, likiwa limeungwa vipande viwili, fungua kamba za maungio, uangalie chini yake, na ufunge upya kwa kamba mpya. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kuongozea tanga) zibadilishwe bila kujadili. Tanga la pamba lililokaa ghalani lishikwe kwa mikono miwili na kuvutwa kwa nguvu. Likichanika, afadhali lichanike nchi kavu.

Kuishusha

Subiri bamvua nyingine. Siku mbili kabla, jaza maji ya bahari ndani kiasi cha shubiri moja ili mbao zianze kuvimba, uangalie yanapotokea nje, na uyatoe yote kabla ya kuisukuma, kwani uzito wake ukiwa juu ya mkuku tu unaweza kuipinda mashua. Ishushe bila mlingoti, ifunge kwenye maji ya kifuani, na utarajie ivuje. Mashua iliyokaa juu miezi kadhaa huingiza maji mengi siku ya kwanza, na kuvuja hupungua kadiri mbao zinavyobanana. Kaa nayo, toa kwa ndoo maji ya ngama, yaani yanayotuama chini ndani ya mashua, na usikimbilie kuipandisha tena kabla ya siku tatu. Panapoendelea kuvuja baada ya hapo, weka alama kwa ndani, ukaongeze kalafati mahali hapo tu maji yakipwa.

Wakati huo shughulikia usajili na ukaguzi. Kenya usalama wa vyombo vidogo uko chini ya KMA (mamlaka ya bahari ya Kenya), Tanzania Bara chini ya TASAC (Shirika la Wakala wa Meli Tanzania), na Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Jaketi za kuokolea maisha ziwepo kwa kila abiria, hata kama safari ni ya kuvuka mkono wa bahari tu.

Safari za mwanzo zifanyike ndani ya miamba, asubuhi, upepo ukiwa mwanana, pamoja na mtu aijuaye mashua ya tanga. Weka farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, ya mchanga katika viroba, ili iweze kuhamishwa mpaka mashua ikae sawa. Baada ya kila safari kagua vichwa vya misumari mipya na maungio ya kitako cha mlingoti, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya tanga inapoishia. Bamvua ya mwezi unaofuata ipandishe tena, gonga kalafati yote kwa wepesi kutoka omo hadi tezi, ongeza pamba pale patasi inapozama, na urudie deheni kabla maji hayajajaa.